Gofu: nijaze nini kati ya draiva na aironi 5?

Mchezaji18: Wakuu, nina draiva (fimbo ya kupiga mbali zaidi) ya digrii 10.5, kisha aironi 5 (fimbo ya kichwa cha chuma) ya digrii 24. Katikati hamna kitu. Handikapu (kipimo cha uwezo wa mchezaji) yangu ni 18, nachezea viwanja vya Nairobi. Ninunue zipi?

Kijani: Fuata digrii, yaani mwinamo wa uso wa fimbo, si namba iliyochorwa chini ya fimbo, maana kila kampuni ina hesabu yake. Chukua wudi (fimbo ndefu ya kichwa kikubwa) ya digrii 16.5 na haibridi (mchanganyiko wa wudi na aironi) ya digrii 20. Wudi 3 ya digrii 15 inasumbua sana mpira ukiwa chini bila tii (kijiti cha kuuinulia mpira): swingi isiyo na kasi haiuinui.

Mchanga: Naunga mkono haibridi. Nyasi ya kikuyu ikiwa ndefu hukamata shingo ya fimbo na kuufunga uso, mpira unakimbilia kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Kichwa kidogo cha haibridi hupenya. Ila usiifagie kama wudi! Weka mpira mbele kidogo ya katikati ya miguu, gonga mpira kwanza, nyasi baadaye.

Kijani: Angalia urefu pia. Haibridi ya digrii 20 huwa inchi 40 hivi, wudi 5 inchi 42. Na begi lisizidi fimbo 14.

Mchezaji18: Asanteni sana. Nitazijaribu zote mbili kwenye nyasi, si kwenye mkeka wa mazoezi.