Mchambuzi anafuta utabiri wake, kisha anarudi kutuchangisha kwa 2028

Wadau, hili nimelikalia miaka, leo nalitoa.

Februari 2020 nilikuwa kwenye chaneli moja ya Telegram, inaendeshwa na jamaa wa hapa hapa Nairobi. Shilingi 300 kila mwezi kwa M-Pesa, naye anatupa utabiri wa kura za mchujo za Marekani, zile ambazo kila chama hutumia kuchagua mgombea wake wa urais, jimbo kwa jimbo. Biden alipotoka wa nne kwenye mchujo wa Democrat jimbo la Iowa, halafu wa tano New Hampshire, jamaa akaandika kwa herufi kubwa kwamba mzee amekwisha, tusipoteze muda naye. Nikalibeba neno hilo hadi bustani ya Jeevanjee, nikalitetea mbele ya watu wanaoniamini. Tarehe 29 Biden akashinda South Carolina kwa karibu nusu ya kura zote. Machi 3 akazoa majimbo 10 kati ya 14 yaliyopiga kura siku hiyo. Kuingia chaneli, ule utabiri haupo, umefutwa. Tuliouliza tukatolewa.

Kukosea ningemsamehe. Wagombea walianza wakiwa zaidi ya 20, nani asingekosea? Kinachoniuma ni kwamba alichukua pesa za watu na kazi yenyewe hakuifanya. Alisoma mchujo kama msimamo wa ligi: wa kwanza yuko juu, wa tano kwaheri. Lakini hapa timu zinajitoa katikati ya msimu na mashabiki wao wanahamia kwa mwingine! Wapinzani wake Buttigieg alijiondoa Machi 1, Klobuchar Machi 2, na wote wawili wakamuunga mkono Biden usiku wa kuamkia majimbo yale 14. Swali la maana lilikuwa moja tu: huyu wako akitoka, kura yako unampa nani? Hakuliuliza hata siku moja. Wala hakutuambia kwamba Iowa na New Hampshire wengi ni Wazungu, ilhali South Carolina wapiga kura wengi wa Democrat ni weusi. Siku tatu kabla ya kura, Jim Clyburn, mbunge mwenye uzito mkubwa kwao, alijitokeza hadharani kumuunga mkono Biden. Haya yote yalikuwa wazi kwa yeyote anayefungua habari.

Na kanuni je? Kwa Democrat, ukikosa 15% katika jimbo au eneo bunge, hupati mjumbe hapo, yaani wale wanaokwenda kwenye mkutano mkuu wa chama kumteua mgombea. Waliovuka wanagawana kulingana na kura. Republican wana majimbo ambako anayeongoza anabeba karibu kila kitu. Mwaka 2016 walianza wagombea wakubwa 17. Trump alipata chini ya theluthi moja ya kura South Carolina na akaondoka na wajumbe wote 50, kwa sababu wapinzani wake walikuwa wanakatana kura. Sisi Wakenya tunajua vizuri kwamba kuingia Ikulu unahitaji nusu ya kura na moja zaidi, tena 25% katika angalau kaunti 24. Mtu aliyekulia kwenye hesabu hiyo anauzaje utabiri wa mchujo bila kutaja wajumbe?

Kura za maoni za nchi nzima, mwaka mmoja kabla, ndizo anazozitegemea zaidi. Giuliani, aliyewania tiketi ya Republican, aliongoza nyingi za hizo 2007, akatoka bila kushinda jimbo hata moja.

Sasa amerudi. Chaneli mpya, ada 500, na orodha ya 2028 imepangwa wa kwanza hadi wa kumi bila sababu hata moja. Vijana wa mtaani kwangu wameshaanza kulipa, na mmoja ananiambia anataka kuweka dau la karo.

Ninachodai: kila utabiri uwe na tarehe na ubaki pale ulipo. Aseme uwezekano ni kiasi gani, na nini kikitokea atabadilisha mawazo. Na waliolipa 2020 warudishiwe chao.

Kama ulikuwa kwenye ile chaneli na ulipiga picha ya skrini kabla hajafuta, iweke hapa chini. Mimi ninazo mbili, tarehe zinaonekana.