Tupeane uzoefu: ulifanyaje akili ibaki darasani?

Mwalimu wa Ziwani: Wakuu, nafundisha sekondari ya kata hapa Ilemela, Mwanza. Vipindi vya mchana wapo wanaonitazama usoni, lakini ukiuliza swali unakuta hawakuwa nasi. Habari za fimbo na "watoto wa siku hizi" nimeshazisikia za kutosha. Mliosoma huku kandokando ya Ziwa Victoria, nini hasa kiliwasaidia kufuatilia somo?

Dagaa wa Kirumba: Shikamoo mwalimu. Nimekulia jirani na soko la samaki la Mwaloni. Mtoto wa huku akisinzia, angalia mwezi kwanza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika. Basi wakati wa giza tuliamka alfajiri kupokea mzigo na kuanika, halafu ndiyo shule. Jiografia nilikuwa naisikia kwa mbali tu, nimekaa wima macho wazi. Mwalimu wetu wa darasa alizungumza na mama, nikahamishiwa kazi ya jioni, kuanua na kufungasha. Kazi sikuachishwa, maana daftari zilitoka kwenye hao hao dagaa. Nilichopata ni usingizi, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10.

Binti Nansio: Kwangu ilikuwa lugha. Nyumbani Kikerewe, msingi Kiswahili, kidato cha kwanza kila kitu Kiingereza. Usipoelewa, akili inatoka yenyewe. Nikaanza kuandika pembeni ya daftari sentensi moja ya Kiswahili kila mwalimu anapomaliza hoja. Nikishindwa kuiandika, naweka alama ya kuuliza, mapumziko namfuata mwenzangu. Hapo ndipo nilipojua ninachokikosa ni kipi, badala ya kuona somo lote gumu. Hadi chuo, Malimbe, niliendelea hivyo hivyo.

Kijana wa Mabatini: Kaa mbele, hasa masika. Mvua ikipiga bati, wa nyuma hasikii kitu. Na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) mfukoni kwa ajili ya mchana, njaa haina kusikiliza.

Mama Igombe: Jamani, na afya tuiangalie. Mwanangu aliitwa mvivu hadi akazoea. Tulipompima akakutwa na kichocho. Kikikaa mwilini huleta upungufu wa damu na uchovu, mtoto anakuwepo darasani mwili tu. Alipewa prazikwanteli, sasa anarudi nyumbani akinisimulia walichofundishwa. Dawa zinapogawiwa shuleni msiwafiche watoto, ila wale kwanza. Wangu bado anaoga ziwani na wenzake, na kichocho huambukizwa humo humo majini, kwa hiyo tutampima tena.

Mwalimu wa Ziwani: Wabheja sana. Mama Igombe, kuna wawili darasani kwangu wamenijia akilini hapa hapa, nitaongea na wazazi wao wakapimwe. Dagaa wa Kirumba, mwalimu wako alimwambiaje mama hadi akakubali? Nikiwaita wazazi shuleni wanakuja wamejiandaa kusikia mashtaka.

Dagaa wa Kirumba: Hakumwita, mwalimu. Alikuja nyumbani jioni, akaanza na daftari langu la Hesabu lililokuwa na vema nyingi. Kisha akamuuliza mama kazi ipi inaweza kusubiri hadi nitoke shule. Mama akaitaja mwenyewe.