Mutoto wa miaka 9 na telefone yangu, munafanyaka aje kwenu?

Mama wa Himbi: Jambo bazazi, niko huku Goma. Kijana yangu akitoka masomo anarukia telefone yangu mbele hata ya kuvua soksi, forfe ya internet ya juma nzima inaisha siku mbili kwa TikTok, na juzi nilimukuta chini ya shuka saa tano ya usiku macho nyekundu. Nikimunyanganya analia kama amefiwa.

Papa wa Ndosho: Mama, TikTok ni ya miaka 13 kuendelea, itoe. Weka Family Link, ile programu ya Google ya bazazi kuchunga telefone ya mutoto, ni ya bure, unapanga masaa, ikifika telefone inajifunga yenyewe.

Yaya wa Bukavu: Papa, ile inaomba mutoto akuwe na konti yake na telefone yake, sasa hapa ni ya mama! Mama, badilisha kodi ya kufungua telefone (ile ya zamani anaijua, usijidanganye), shusha video weye mwenyewe, kata data, umupe nusu saa. Usiku telefone ilale kwako.

Mama wa Himbi: Eeh yaya 😅 kodi ni siku ya kuzaliwa yake. Nabadilisha sasa hivi.