Mwenye shaka anaweza kusemwa ana imani?

Swali: Wakuu, kama imani ni uhakika, anayetia shaka anaamini nini hasa?

Jibu 1: Mkuu, umechanganya mambo mawili. Uhakika wa moyoni ni hali ya mtu. Uhakika wa hoja ni nguvu ya ushahidi. Cha kwanza hupatikana bila cha pili, ndiyo maana matapeli hawakosi wateja.

Jibu 2: Mwanafalsafa Clifford (1877) aliona ni kosa kuamini bila ushahidi wa kutosha. Mfano wake: mwenye meli kuukuu anajituliza kwamba itafika tu. Hata ikifika salama, ana hatia ileile. Mwanafalsafa mwenzake, William James, akamjibu mwaka 1896: moyo waruhusiwa kuamua pale tu ambapo chaguo ni hai (mtu analiona linawezekana kweli), halikwepeki, lina uzito, na ushahidi hauwezi kulikata. Sharti hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, kisha wanatetea chochote wanachokitamani (humu jukwaani tunawajua).

Jibu 3: Ongeza mwanafalsafa Wittgenstein: shaka nayo inahitaji bawaba zisizotikisika, yaani mambo tusiyoyahoji, la sivyo mlango haufunguki. Ukitilia shaka maana ya kila neno, hata sentensi “nina shaka” inakufia mdomoni. Kwa hiyo muulizaji, shaka yako imesimama juu ya nini?