Naishi New Hampshire, kazi iko Massachusetts: kodi ya jimbo nalipa wapi?

Mama Nashua: Wakuu, hamjambo? Tulikuwa Lowell, Massachusetts, Juni mwaka jana tukahamia Nashua, New Hampshire. Kila mtu alituambia huku mshahara haukatwi kodi ya jimbo. Kazi sikuacha: napanga zamu za wahudumu wa wazee, ofisi iko palepale Lowell. Jumatatu hadi Jumatano naenda ofisini, Alhamisi na Ijumaa nafanyia nyumbani. Sasa mbona Massachusetts bado wanakata, tena kwenye mshahara wote? Na nifaili wapi?

Mzee wa Mtoni: Dada, unaliwa. Huishi kwao, hawakudai hata senti. Waambie watu wa mishahara waache kukata.

Karani: Mzee, usimponze dada wa watu. Massachusetts hawaangalii unalala wapi tu, wanaangalia kazi imefanyikia wapi. Siku ukiwa ofisini Lowell, mshahara wa siku hiyo unakatwa kodi yao, asilimia 5. New Hampshire ni kweli haitozi mshahara, lakini haiwezi kukufutia deni la jirani.

Haki yako iko kwenye Alhamisi na Ijumaa. Wakati wa korona Massachusetts walitoza hata waliokuwa wakifanyia kazi nyumbani nje ya jimbo. New Hampshire wakaenda Mahakama Kuu ya Marekani, na Juni 2021 mahakama ikakataa kuisikiliza kesi. Utaratibu ule wa korona wenyewe ulikoma Septemba 2021. Kwa hiyo siku zako za Nashua si zao.

Faili fomu 1-NR/PY, ni moja kwa wasio wakazi na kwa waliokaa sehemu ya mwaka. Wewe ni vyote viwili: mkazi hadi Juni, mgeni baada ya hapo. Kwa miezi ya ugeni unagawa mshahara kwa siku za kazi, na likizo na wikendi hazimo kwenye hesabu. Walichokata zaidi kinarudi. Kwa New Hampshire, mshahara hauna fomu ya kujaza.

Kaka wa Silver Spring: Huku kwetu ni raha. Naishi Maryland, kazi Virginia, na majimbo haya yana makubaliano. Unampa mwajiri fomu VA-4, anakata ya Maryland peke yake. Wakikosea wakakata ya Virginia, unadai urudishiwe kwa fomu 763S. Kwani nyie hamna?

Karani: Hatuna, kaka. Na ndipo panapouma: anayeishi New Jersey akifanya kazi New York hulipa New York, kisha New Jersey humpunguzia kwa alicholipa kule. Dada hana kodi ya nyumbani ya kupunguziwa, kwa hiyo ile asilimia 5 imekwenda moja kwa moja.

Mama Nashua: Asante sana, Karani. Wakiniuliza ushahidi wa siku za nyumbani je? Bosi alikubali kwa mdomo tu.

Karani: Muombe akuandikie hata baruapepe ya mistari miwili, kwamba Alhamisi na Ijumaa unafanyia Nashua. Weka na kalenda, ukiandika siku ileile, usingoje Aprili uanze kukumbuka. Barua hiyohiyo wape watu wa mishahara, wakate kwa siku za Lowell tu kuanzia sasa. Wakikataa usigombane nao. Utazidai ukifaili, mwisho kwa kawaida ni 15 Aprili.

Mzee wa Mtoni: Haya, nimenyamaza. Mimi mwenyewe nafanya kazi Lawrence, Massachusetts, naishi Salem ya New Hampshire 😅