Rimu za kiwanda kuwa kijivu kilichokolea: mpira wa kubandua, rangi ya makopo au rangi ya unga?

KijivuMakaa (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Gari langu lina rimu za aloi zilizotoka nazo kiwandani, zenye rangi ya fedha, na nimekusudia kuzigeuza ziwe kijivu kilichokolea kinachokaribia rangi ya makaa, bila kufika kwenye weusi kamili. Tatu kati yake ni nzima, ila ya nne imekwaruzika ukingoni kwa kusuguana na zege la kando ya barabara. Ninayo jeki, stendi na mahali penye kivuli pa kufanyia kazi, kompresa sina. Nimekwisha kusikia habari za njia tatu, yaani mpira wa kupuliza unaobanduka, rangi ya makopo ya kupuliza pamoja na vanishi yake, na rangi ya unga inayookwa. Naomba mnilinganishie njia hizo kwa upande wa kudumu na wa usalama, maana kuhusu urembo kila mtu ana macho yake.

MsasaMkavu

Mkuu, mpira wa kubandua una sifa moja ambayo njia nyingine hazina: siku utakapoichoka rangi, au utakapotaka kuliuza gari, unaubandua na kuikuta vanishi ya kiwanda iko vilevile ulivyoiacha. Hauhitaji msasa hata kidogo, bali unahitaji rimu iliyosafishwa hadi isibakiwe na nta wala mafuta. Jambo ambalo wengi hulipuuza ni unene. Mtu akipuliza tabaka mbili nyepesi akaona rangi imeshafunika, huacha hapo, kisha siku ya kuutoa mpira huo hubanduka vipande vidogo vidogo kama ngozi iliyochomwa na jua, na kazi ya nusu saa hugeuka kuwa ya siku nzima. Tabaka ziwe tano au zaidi, ndipo utando uwe mzito wa kutosha kuvutika kwa pamoja.

Udhaifu wake nao nisiufiche. Petroli ikiugusa huulainisha, kokoto huuchana, na maji ya mashine yenye nguvu yakielekezwa kwenye kingo kwa karibu huunyanyua. Kwa hiyo kwa rimu zako tatu nzima ningekushauri uutumie bila wasiwasi. Kwa ile ya nne hautakusaidia, kwa sababu utando hufuata umbo la kilicho chini yake, na mkwaruzo utaonekana kama ulivyo, ila katika rangi nyingine.

FundiMstaafu

Nianze na rangi ya unga, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa sana na kuelezwa kidogo. Unga hupulizwa ukiwa na chaji ya umeme tuli ili ushikamane na rimu iliyounganishwa na ardhi, kisha rimu huokwa, mara nyingi kwenye nyuzijoto 180 hadi 200, mpaka unga uyeyuke na kukomaa. Matokeo yake ni ganda gumu linalostahimili kokoto na kemikali kuliko rangi yoyote ya kopo. Hata hivyo hiyo si kazi ya nyumbani, na anayefikiria tanuri ya jikoni aliondoe wazo hilo kichwani, kwa sababu rimu haiingii, na tanuri iliyookea unga haifai tena kwa chakula.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji wa huduma hiyo hawalitaji mpaka waulizwe. Rimu nyingi za aloi za kutupwa hupewa nguvu kwa joto kiwandani: hupashwa hadi zaidi ya nyuzijoto 500, hupozwa ghafla, kisha hukomazwa kwa saa kadhaa kwenye joto la chini zaidi, takriban nyuzijoto 150 hadi 180. Joto linalozidi lile la ukomazaji, likikaa muda mrefu au likirudiwa mara kwa mara, hupunguza nguvu ya aloi. Kuoka mara moja kwa muda uliopangwa ni jambo lililozoeleka, lakini wapo watengenezaji wa magari wasioruhusu kabisa rimu zao ziokwe upya. Ukienda njia hiyo, soma kwanza kitabu cha gari lako, kisha muulize mwenye tanuri atatumia joto gani na kwa muda gani. Asiyekuwa na jibu, mwache.

BintiGereji

Shikamoo FundiMstaafu, umemaliza upande wa unga. Mimi nitetee makopo, kwa sababu kwa hali aliyoieleza mwanzisha mada naona ndiyo njia inayomfaa, mradi asiifanye kwa haraka.

Ugumu wa rimu hauko kwenye rangi, uko kwenye vumbi la breki. Zile chembe za chuma zinazotoka kwenye diski na pedi huruka zikiwa za moto na kujichomeka ndani ya vanishi, hivyo sabuni peke yake haizitoi. Tumia dawa ya kuyeyusha chuma, ile inayogeuka zambarau inapozigusa, na uirudie mpaka rangi hiyo isijitokeze tena, hasa nyuma ya mikono ya rimu na pembeni mwa matundu ya nati. Baada ya hapo ondoa lami, nta na mafuta, kabla ya kushika msasa. Ukianza na msasa, unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo unayoitengeneza, na rangi itakayokaa juu yake itajikunja na kuacha vishimo.

Msasa namba 400 unatosha kuiondolea vanishi ya kiwanda mng'aro. Huna haja ya kuitoa yote ikiwa imeshika vizuri, kwa kuwa ni msingi imara kuliko chochote utakachopaka wewe. Pale ambapo alumini tupu imejitokeza, kama kwenye ule ukingo uliokwaruzwa, anza na praima ya kung'ata inayotengenezwa kwa ajili ya metali, kwa sababu rangi ya kawaida haishiki kwenye alumini isiyotayarishwa. Kisha puliza tabaka nyepesi, ya kwanza ikiwa kama ukungu tu, ukisubiri dakika kumi hivi kati ya moja na nyingine au kama kopo linavyoelekeza. Tabaka nene huteremka na kuganda kwenye kona za mikono, mahali ambapo ni vigumu kabisa kurekebisha.

Kuhusu tairi, ukiweza zitolewe. Usipoweza, punguza upepo, kisha chomeka kadi ngumu kati ya mpira na ukingo wa rimu kuzunguka pande zote, kila moja ikiilalia kidogo ile iliyotangulia. Kadi hufika chini ya mdomo wa rimu, mahali ambapo tepu ya karatasi haifiki.

Mzigo_Mwepesi

Dada BintiGereji, vanishi unayoisema ni ya kawaida au ile yenye hadina, yaani dawa ya kuigandisha? Nauliza kwa sababu niliona rimu iliyopakwa vanishi ya kawaida ikawa inanata baada ya kupulizwa dawa ya kusafishia breki.

BintiGereji

Ulichokiona ndicho kinachotokea. Vanishi ya kawaida hukauka kwa kiyeyushi chake kuvukiza, hivyo kiyeyushi kingine chenye nguvu kinaweza kuilainisha tena. Yenye hadina hugandishwa na mmenyuko wa kikemia, na ikishakomaa hairudi nyuma. Zipo za kopo: unabonyeza kitufe kilicho chini, hadina inamwagika ndani, unatikisa, na tangu hapo una siku moja au mbili tu kabla haijaganda ndani ya kopo. Kwa hiyo rimu zote ziwe tayari kabla ya kukibonyeza kitufe hicho.

FundiMstaafu

Marahaba, binti. Hapo nitofautiane nawe kidogo. Hadina hizo zina kemikali ziitwazo isosaneti, ambazo zikivutwa zinaweza kumsababishia mtu pumu itakayorudi kila anapokutana nazo, hata kwa kiasi kidogo. Barakoa ya vumbi haizuii kitu, na wataalamu wa usalama kazini hupendekeza barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje, kifaa ambacho mtu wa nyumbani hana. Mimi ningemwambia apake vanishi ya kawaida iliyotengenezwa kwa ajili ya rimu, akubali kuirudia mapema, na aiepushe na dawa za breki.

BintiGereji

Hoja yako naikubali kwa mtu atakayefanyia kazi ndani ya chumba. Kwa atakayepuliza nje kabisa, akiwa na barakoa ya kuziba uso yenye vichujio vya mvuke, glavu na nguo za mikono mirefu, huku watu wengine wakiwa mbali, naona bado inafaa. Asiyekuwa na vifaa hivyo afuate ushauri wako.

NatiNneTano

Mmesahau jambo ambalo ni kubwa kuliko rangi yenyewe. Usipake mahali nati zinapokalia, wala uso wa nyuma unaogusana na habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Rangi iliyo kati ya metali mbili hubanwa na kupungua unene, mkazo wa nati unalegea, na gurudumu linaweza kufunguka barabarani. Ziba sehemu hizo kabla ya kupuliza, kisha baada ya kufunga rudia kukaza kwa spana ya kipimo ukishatembea kilomita 50 hadi 100.

MsasaMkavu

Swali kwa mwanzisha mada: je, uso wa rimu zako umepakwa rangi wote, au umechongwa kwa mashine ukaachwa alumini inayong'aa chini ya vanishi? Ikiwa umechongwa, ukishaupaka huwezi kuurudisha bila mashine.

KijivuMakaa

Umepakwa wote, mkuu, hakuna sehemu iliyochongwa. Nawashukuru. Ile rimu ya nne ndiyo iliyoniamulia, maana sitaki tatu ziwe na mpira na moja iwe na rangi. Nitatumia makopo, na vanishi itakuwa ya kawaida, kwa kuwa barakoa inayotakiwa sina. Nianze na rimu ipi?

FundiMstaafu

Anza na iliyokwaruzika, lakini kabla ya kuijaza puti izungushe uitazame ukingo wake kwa mbele na kwa nyuma. Ikiwa imepinda au ina ufa, usiifunike kwa puti, ipeleke ikapimwe. Ikiwa ni mkwaruzo wa juu juu, sawazisha kwa msasa mzito, jaza, sugua tena kwa mwembamba, kisha iache isubiri wenzake. Rangi yenyewe zipulize zote nne siku moja, kwa umbali uleule wa mkono na makopo yaliyotikiswa sawasawa, kwa sababu kijivu chenye chembe za metali hubadilika kivuli kulingana na unene na umbali wa kupuliza.

NatiNneTano

Na kama unazitoa tairi, zikirudishwa zibalansiwe upya.