Naomba ushauri: matembezi mepesi ya kuzunguka nyika ya Longido pamoja na mama mkwe

Mama wa Njiro
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Mwishoni mwa Juni nitatembelewa na mama mkwe, mwenye umri wa miaka 63, ambaye bado anatembea vizuri ila magoti humsumbua kwenye miteremko. Tutakuwa pia na wanangu wawili. Tunatafuta njia ya nusu siku inayozunguka na kuturudisha tulipoanzia, katika nyika kavu, ambako tutaiona milima na wanyama tukiwa kwa miguu. Nimeshauriwa Longido, kaskazini mwa Arusha, lakini kila ninachokisoma kinahusu kupanda kilele cha Mlima Longido. Je, chini hakuna njia? Naomba kuwasilisha.

Mkazi wa Longido
Karibu sana, dada. Kilele, chenye zaidi ya mita 2,600, kiacheni, kwa kuwa msitu wa juu una nyati na mteremko wake utamwumiza mama. Zungukeni tambarare kwa njia za mifugo, mkiongozwa na kijana wa Kimaasai kupitia utalii wa kitamaduni wa hapa mjini. Arusha ni takriban kilomita 80 kwa barabara ya Namanga, hivyo ondokeni saa kumi na moja alfajiri ili kufikia saa moja muwe mmeshaanza kutembea, maana Kilimanjaro hujifunika mawingu mapema. Juni jua huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki, nao mlima uko upande wa kusini-mashariki, kwa hiyo mtautazama bila kuumia macho. Mlima Meru mtauona kusini.

Msitarajie makundi makubwa ya wanyama. Utamu wa nyika hii uko katika vitu vinavyohitaji utulivu: swala twiga (swala mwenye shingo ndefu) aliyesimama kwa miguu ya nyuma akivuta majani ya mgunga, au digidigi (swala wadogo sana) wawili wakiwa wameganda kichakani. Waonyeshe watoto ncha za vijiti zenye kitone cheusi kama lami. Ni alama ambayo digidigi huipaka kwa tezi iliyo karibu na jicho, kutangaza mipaka yake.

Mstaafu wa Usa River
Mimi ningempeleka mama Hifadhi ya Taifa Arusha, upande wa Momella. Mtatembea na askari mwenye bunduki, twiga na nyati mtawaona kwa hakika zaidi, na Meru iko hapo hapo. Kwa mtu mzima, uhakika huo una thamani.

Mkazi wa Longido
Shikamoo mzee. Kwa wanyama wengi nakubaliana nawe kabisa. Ila dada ameomba nyika kavu, na Momella ni kijani na maziwa.

Mama wa Njiro
Nawashukuru nyote. Nimeamua Longido, na Momella tutakwenda siku nyingine. Swali la mwisho: maji na viatu vipi, na tuanzie upande gani?

Mkazi wa Longido
Bebeni maji lita mbili au zaidi kwa kila mtu, kwa sababu njiani hamna pa kununua. Viatu viwe vya kufunika na vyenye soli nene, kwani miiba ya migunga hupenya kandambili bila shida. Mwombeni mwongozaji aanzie upande wa mashariki, ili Kilimanjaro muuone ungali wazi na jua likikaza liwe mgongoni mnaporudi. Kufikia saa nne muwe mmeshafika mjini. Mama akichoka kabla ya hapo, mwongozaji anazijua njia za mkato za wachungaji.